Nyuzi Mpya za Jonalyn

Katika mji wetu hakuna anayejua kumchagulia mwanamuziki zawadi ya Krismasi kunishinda mimi. Nasema hivyo kwa sababu hata sasa, baada ya yote yaliyotokea, kuna sauti ndogo ndani yangu inayosisitiza jambo hilo, na sijapata namna ya kuinyamazisha.

Jina langu Consolacion, lakini watu huniita Saling, na watoto niliowasimamia ubatizo huniita Ninang. Ninao wengi. Wasimamizi wenzangu ikifika Krismasi hujifungia ndani, wakazima redio na kujifanya wamesafiri, ili watoto wasije kuwabusu mikono na kudai chao. Mimi hufungua mlango wazi. Nakaa barazani na mifuko yangu kama mgombea ubunge.

Tena mimi ni mwanamuziki. Napiga besi katika rondalla ya parokia, lile kundi letu la vyombo vya nyuzi. Niliwekwa kwenye besi kwa sababu ni chombo ambacho ukikikosea, watu hudhani lori limepita. Nyuzi zake ni nene kama kamba za kuanikia nguo na sijazibadilisha tangu nizikute. Yakumbuke hayo, maana ndiyo mzizi wa balaa.

Katika watoto wangu wote wa ubatizo, Jonalyn ndiye anayepiga kweli. Anapiga banduria, kile kigitaa kifupi chenye nyuzi kumi na nne na sauti ya kumwamsha mfu kwa adabu. Miaka yote nimempa zawadi za kimuziki. Nilimpa kikombe chenye picha za noti za muziki, soksi zenye noti, taulo yenye noti, na mwavuli ambao ukiufungua noti zinakuzunguka kichwani. Mama yake, Felisa, ambaye ni shoga yangu tangu utoto, aliniambia, "Saling, huyu mtoto ananywea noti, anakanyagia noti, anajifutia noti. Bado kumpikia tu."

"Wivu huo," nikamwambia.

"Wivu wa mwavuli? Shoga, wewe ukipewa soksi zenye picha za besi utazivaa?"

Ningezivaa. Lakini maneno yake yaliniuma, hasa kwa mwaka ule. Maestro Evaristo, mzaliwa wa mji wetu anayefundisha muziki Manila, alikuwa anarudi nyumbani kwa sikukuu. Alimwambia Felisa kwamba atakuja kumsikiliza binti asubuhi ya Krismasi, rondalla itakapopiga uani kwa kanisa baada ya misa. Akimpenda, atamchukua akakae kwake na kumsomesha. Nafasi aliyokuwa nayo ni moja tu. Asipompenda, Jonalyn angekwenda Batangas mwaka mpya ukianza, kwa shangazi yake, kuuza makava ya simu. Duka lilikuwa linamsubiri, na kiti chake kilishanunuliwa.

Kwa hiyo nilijiapiza kwamba safari hii natoa zawadi ya maana. Nikaenda mjini nikanunua seti ya nyuzi za banduria kutoka ng'ambo, zinazong'aa hata ndani ya karatasi yake. Muuzaji akaniuliza, "Ni za kutumia lini, Mama?"

"Keshokutwa."

Alinitazama. "Keshokutwa hii?"

"Kijana, mimi ni mwanamuziki," nikamjibu, na nikamwacha na chenji yake.

Alasiri ya mkesha nikaenda kwa Felisa. Jonalyn alikuwa kanisani akipamba, Felisa yuko jikoni akibishana na nyama ya nguruwe. Banduria ilikuwa ukutani. Nikaona nimfanyie mtoto mambo kamili, akirudi aikute imeshavishwa. Nikachukua koleo la baba yake nikakata nyuzi za zamani zote, tap, tap, tap, na kila uzi ulipokatika nilisikia raha moyoni. Nikafunga mpya. Nikakaza. Ikang'aa hadi nikaona haya kuigusa.

Jonalyn aliporudi alinishika mkono akaugusisha kwenye paji la uso wake kwa heshima, kama kawaida yake, ndipo akaiona. Akazigusa nyuzi kwa ncha ya kidole. Nikadhani ni furaha.

"Ninang," akasema taratibu, "nyuzi za zamani ziko wapi?"

"Za nini tena? Ziko kwenye pipa."

"Nzima?"

"Vipande vipande!"

Felisa akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akatazama banduria, akatazama koleo, akanitazama mimi. "Yesu na Maria. Saling, umefanya nini?"

"Nimempa mwanao zawadi."

"Umemvalisha bibi harusi viatu vipya mlangoni pa kanisa! Nyuzi mpya si zinalegea? Zinahitaji siku ngapi kutulia, Jona?"

"Kama wiki, Mama," alisema Jonalyn, na hapo hapo akainua uso, "lakini nitazivuta. Zitatulia. Asante, Ninang. Ni nzuri sana."

Mimi nilikuwa sijui. Nyuzi za besi yangu zilimaliza kulegea kabla mimi sijaolewa. Na ningemwuliza mtu yeyote katika kundi angeniambia, lakini mtu anayejua kila kitu atamwuliza nani? Banduria nyingine zilikuwa na wenyewe, nao walikuwa wanazipiga asubuhi ile ile. Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu, Berting. Aliacha kula.

"Kesho usimletee zawadi nyingine," akasema. "Tafadhali."

Asubuhi ya Krismasi ua wa kanisa ulijaa. Watu walikuwa na keki zao za mchele za moto na vikombe vya chokoleti, watoto wamevaa nguo zinazowabana. Maestro Evaristo aliketi mbele, mzee mwembamba mwenye kofia magotini. Jonalyn alikuwa na macho mekundu. Alikuwa amezivuta nyuzi zile mpaka vidole vikaota malengelenge.

Nyimbo za kwanza tulipiga wote, na katika kelele ya watu wote hakuna anayejua nani amelegea. Kisha ukaja wimbo wake. Wimbo huo ni wa banduria peke yake, na besi nyuma yake, yaani mimi.

Alianza vizuri mno. Nikasema moyoni, unaona, Felisa? Mara uzi mmoja ukalegea, sauti ikashuka. Kisha mwenzake. Wimbo ukaanza kwenda upande kama mlevi anayejitahidi. Jonalyn akasimamisha mkono. Hata watafunaji wakaacha kutafuna. Nikamwona Maestro anainama kumnong'oneza jirani yake, nami nikaona Batangas. Niliona kiti kile dukani, niliona makava ya simu yamening'inia, na mimi ndiye niliyeyaning'iniza.

Basi nikafanya ambalo sijawahi kufanya maishani. Nikaanza kupiga peke yangu.

Nilitaka tu kumpa muda akaze nyuzi zake. Dum, nikapiga. Dum, dum. Hakuna aliyenizuia, nikaongeza. Nikafumba macho. Nikapanda juu ya shingo ya besi, mahali ambapo vidole vyangu havijawahi kufika na havikujua adabu za huko. Nikashuka. Nikarudia palipokuwa pabaya ili watu wadhani ilikuwa makusudi. Mtoto mchanga akalia. Baadaye niliambiwa kwamba mbwa wa sakristia aliinuka akatoka nje ya geti bila kukimbia, na Berting alijifunika uso kwa karatasi ya nyimbo. Mimi sikuona chochote. Nilikuwa nalia huku napiga, na niseme ukweli, katikati ya kilio nilianza kujipenda.

Nilipofumbua macho Jonalyn alikuwa ananitazama, anatabasamu. Akaniashiria kwa kichwa, akaingia. Na alivyoingia! Uzi ulipotaka kushuka tena alikuwa akiusukuma kando kwa kidole palepale, unarudi mahali pake kabla sikio halijalalamika. Akaufikisha wimbo mwisho. Watu walipiga makofi hadi chokoleti zikamwagika.

Wahenga walisema tenda wema uende zako. Mimi nilitenda, nikavuta kiti nikakaa. Mchana nyumbani kwa Felisa nilikuwa nimeshasimulia mara tatu jinsi nilivyomwokoa mtoto, na kila mara besi yangu ilizidi kuwa tamu. Nilikuwa katikati ya mara ya nne, mikono hewani, Maestro Evaristo alipoingia. Akapewa sahani. Akaketi mkabala nami.

"Wewe ndiye uliyepiga besi," akasema.

"Ndiye mimi, Maestro," nikasema, nikajiweka sawa nipokee.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nampa muda wa kukaza nyuzi."

"Maestro," Jonalyn akasema haraka, "ulisema hutamwambia."

"Nilisema nitafikiri," akajibu mzee. Akanigeukia, wala si kwa ubaya. "Mama, huyu binti alimaliza kukaza nyuzi zake ukiwa hata hujafumba macho vizuri. Ana masikio makali. Kisha akakaa, mikono magotini, anakusubiri. Tulikusubiri wote. Nilikula keki nzima."

Felisa akacheka kwanza. Kisha wakacheka wote, hata Berting, msaliti yule, hadi akashika meza. Nilitaka ardhi ipasuke. Nilicheka pia, maana ungefanyaje, lakini kicheko changu kilikuwa na machozi ndani.

Maestro akangoja wanyamaze. "Mimi niliinama nikamtazama binti miguu. Mama, wewe ulikuwa umeupoteza mdundo tangu mwanzo. Huyu mtoto, maisha yake yako pale, nyuzi zake zinashuka, na alikuwa anakugongea mdundo chini kwa kiatu ili usipotee zaidi. Polepole, watu wasione. Alipokupata ndipo akaingia." Akachukua uma. "Kusukuma uzi kwa kidole naweza kumfundisha mtu yeyote. Hilo la kiatu sijui linafundishwaje. Hapo hapo nilikuwa nimeshaamua. Tunaondoka baada ya mwaka mpya."

Felisa alitoa ukelele, akamwangukia binti yake shingoni, sahani mbili zikaenda chini. Mimi nilibaki nimekaa. Miaka yote nilidhani mimi ndiye ninayempa huyu mtoto vitu. Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyojua kupenda, na nilijionea haya, na vyote viwili havikugombana.

Watu walipotoka barazani kusherehekea, Jonalyn alikuja na kifurushi. "Chako, Ninang. Nilikitengeneza jana, wakati nasubiri nyuzi zitulie."

Ilikuwa nyota ya Krismasi, ndogo ya kutosha kiganjani, karatasi nyekundu imebandikwa juu ya fremu ya waya. Nikaigeuza. Waya zenyewe zilikuwa zile nyuzi za zamani nilizozikata, amezitoa kwenye pipa, akazipinda, akazifunga ncha moja moja na malengelenge yake yale.

"Hukunikasirikia?" nikamwuliza.

"Nilikasirika sana. Si ndiyo maana pembe hii imepinda." Akacheka. "Nikamaliza hasira, nikanyoosha nyingine."

Nikajifuta uso, kwa taulo yenye noti, maana ndiyo iliyokuwa karibu. "Mwakani Manila utahitaji nini? Niambie sasa hivi, nisije nikakosea tena."

Akafikiri. "Uje unisikilize."

"Hilo tu? Nije na nini?"

"Mikono mitupu, Ninang." Akanishika yote miwili, akaigusisha kwenye paji la uso wake. "Mitupu kabisa. Hata besi iache nyumbani."