Sauti ya Twaha, Picha ya Mmeksiko

Kwa miaka mingi Leonida alimchukia mtu ambaye hakuwahi kumtia machoni. Mtu huyo alikuwa Mmeksiko, mwongozaji wa filamu aitwaye Evaristo Quintanar, ambaye watu wa Karatu walimwita Kwintanari kwa kuwa ndivyo ulimi wao ulivyokubali. Alimchukia polepole, bila kelele, huku akipepeta mbaazi zake, kama unavyomchukia jirani ambaye ng'ombe wake hawashibi mpaka waingie shambani kwako.

Mambo yalianzia Wasso. Mumewe, Sylvesta, alikwenda huko kwa kazi ya uashi. Akakaa, akakaa, mpaka habari zikarudi kabla yake: ana mwanamke, na nyumba yenye geti la bati. Leonida alipanda basi, akala vumbi kutwa nzima, akafika, akasimama pale getini. Akaona shati la mumewe limeanikwa kamba moja na kanga ya mwingine. Akageuka akarudi. Hakugonga, hakuita, hakusema neno.

Aliporudi hakusimulia. Lakini watu hawapendi hadithi iliyokatwa mkia. Bombani, sokoni, hata nje ya kanisa waliulizana: "Kwani alisema nini kule?"

Aliyewajibu ni Twaha. Huyu alikuwa na banda la video nyuma ya soko, na kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu. Alichukua filamu ya kigeni, akashika maiki, akakaa mbele ya runinga akaimwagia Kiswahili, tangu mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Lugha ya watu wa kwenye filamu hakuijua, wala hakuna aliyemdai aijue. Wahusika aliwapa majina ya watu wa Karatu, ili watazamaji wajisikie nyumbani. Kisha nakala zikauzwa, zikachezwa kwenye mabasi ya Wasso, Digodigo na Soitsambu, kwa kuwa safari ni ndefu na abiria wanataka kitu cha kuwasahaulisha mashimo.

Ikamwangukia mikononi filamu ya Kwintanari. Mwanamke anamfuata mumewe mji wa milimani, anafika nyumbani kwa mke mpya, anasimama getini. Twaha akamwita mwanamke Leonida na mwanamume Sylvesta. Ilipofika getini akaibana sauti yake iwe ya kike, akalia: "Sylvesta wangu, nirudie! Nitalala hapa mlangoni! Nitakula makombo, nitakuwa mbwa wako!"

Banda lilicheka mpaka watu wakamwaga soda. Siku ya pili watoto walimbwekea binti yake, Selina, njiani kwenda shule. Selina akarudi akauliza, "Ulisema kweli?" Leonida akajibu, "Sikusema." Mtoto akamtazama mama yake kwa jicho ambalo halikukataa wala halikukubali, na jicho hilo likakaa nyumbani mwao kama mgeni asiyeaga.

Mtu mmoja tu sokoni hakucheka, naye ni Mwanamwema, mke wa Twaha mwenyewe, aliyeuza chumvi na viungo. Siku ile alimfungia Leonida chumvi yake, akaongeza kijiko, akasema "Pole, dada," kisha akageukia mteja mwingine ili asimwone akifuta macho. Leonida hakulisahau hilo.

Kosa lake Leonida lilikuwa moja. Aliamini kwamba mtafsiri hutafsiri. Alidhani maneno ya mbwa ni ya Mmeksiko, Twaha amebandika majina tu. Basi hasira akaipeleka ng'ambo. "Mwanamume gani huyo," alikuwa akisema peke yake jikoni, "anayemfanya mwanamke abweke mbele ya watu?"

Selina akakua, akawa dereva mwongoza watalii, akajifunza Kihispania Arusha kwa ajili ya wageni. Masika ya mwaka huu, kreta wanakopelekwa watalii kuona wanyama ina ukungu na wageni ni haba, akaipata filamu ile yenyewe, haijaguswa na maiki ya mtu. Akaingia jikoni mama yake akipukuchua mahindi, akaiegemeza simu kwenye sufuria.

"Aayo, njoo utazame." Ndivyo alivyomwita mama yake, kwa Kiiraqw cha nyumbani.

Leonida hakutaka. Selina akamvuta mkono. Wakafika getini. Mwanamke amesimama, upepo unavuma, na hakuna kingine kinachosikika.

"Anaanza kuongea saa ngapi?"

"Haongei, Aayo. Hakuna neno hata moja. Si la Kihispania, si la lugha yoyote." Kisha Selina akaweka kichwa chake begani kwa mama yake, kama alipokuwa mdogo. "Na mimi nilikuamini nusu. Miaka yote hii, nusu."

Leonida alimpapasa nywele mpaka akatulia. Hakumlaumu. Lakini chuki ya miaka mingi haikufa siku ile. Ilihama nyumba tu. Ilitoka Meksiko ikaja nyuma ya soko.

Waongoza watalii, kwa kukosa kazi, walikuwa wameanzisha mdahalo wa filamu kila Jumapili mchana, na waliufanyia bandani kwa Twaha kwa sababu ya mabenchi na runinga kubwa. Jumapili iliyofuata hoja ilikuwa ya Selina. Leonida alitoka misa ya pili akaenda moja kwa moja, na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Lazaro, mwenyekiti, alimwona amesimama mlangoni, akavua koti lake akalitandika kwenye benchi lililoloa ili mama akae pakavu.

"Hoja ya leo," Lazaro akasema. "Kwintanari ni fundi, au anatulaza usingizi?"

Piusi, kijana mwenye maneno mengi, akaruka. "Anatulaza! Filamu nzima hakuna ngumi, hakuna gari linalopinduka. Kamera imesimama kama faru aliyeshiba. Mtu akitoka kwenye picha haimfuati, inabaki inatazama ukuta. Ukuta, jamani!"

"Inautazama kwa sababu mwenye nyumba yumo ndani na hataki kutoka," Selina akasema. "Wewe ukiwa kreta na wageni, faru amelala, unafanyaje? Unazima gari mnasubiri. Huwaambii wageni anacheza ngoma."

"Nawaambia yuko karibu kuamka."

"Ndiyo maana wageni wako hawarudi!"

Wakacheka. Twaha, na kofia yake iliyodariziwa, akainuka taratibu, kama mtu aliyezoea kusubiriwa.

"Vijana, mnagombania nguo na fundi cherehani yupo. Huyu Kwintanari kapika wali kasahau chumvi, na chumvi ni mimi. Nani hapa angemaliza filamu yake bila sauti yangu? Mwanamke anasimama getini muda wa kuchemsha chai, hasemi kitu. Sasa hiyo ni filamu, au ni picha ya kitambulisho?"

Banda likalipuka. Hapo ndipo Leonida aliposimama. Nyuma mtu mmoja akabweka, "Wau!" na wengine wakaziba vinywa. Leonida akangoja. Kungoja alikujua.

"Twaha," akasema, "nimemtukana huyu Mmeksiko miaka mingi kwa ajili yako. Nilidhani maneno yale ni yake."

"Aa, Mama Selina! Ule ulikuwa mzaha wa kazi. Jina tu."

"Jina la nani?"

Twaha akaichekea maiki iliyokuwa mkononi mwake.

"Basi nijibu hili," Leonida akaendelea. "Kwa nini Kwintanari hakumpa yule mama maneno?"

"Labda mwandishi alikuwa mgonjwa."

Wakacheka tena. Leonida akawaacha wamalize.

"Hakumpa kwa sababu yule mama hakuwa nayo. Mtu akiumizwa hivyo maneno yanamkimbia. Mmeksiko akalijua hilo. Akasimama na kamera yake mbali kidogo, kama mnavyosimama na mwenzenu uani siku ya msiba, hamumshikishiki, lakini hamwondoki. Mimi naiita heshima. Wewe ulimkuta mwanamke amenyamaza, ukaona ni mlango wazi wa kupitisha mikono yako."

Sasa hakuna aliyecheka. Twaha akaiweka sawa kofia yake.

"Maneno mazuri ya kanisani hayo. Haya, tuweke bila sauti yangu. Kabla yule mama hajageuka, nusu ya banda itakuwa nje inakunywa soda."

"Weka."

"Na wakitoka?"

"Wakitoka, au wakikuomba useme, nitashika maiki hiyo niyaseme maneno yako mwenyewe, mbele ya hawa. Yote. Mpaka ya mbwa."

"Aayo!" Selina akamshika mkono wa gauni. Leonida akauondoa mkono wa binti yake kwa upole, kidole kimoja kimoja.

"Na wakikaa, utaitafsiri filamu hii upya. Mwanzoni utasema kwa kinywa chako kwamba Leonida wa Karatu hakulia wala hakuomba, maneno yalikuwa yako. Ukifika getini unyamaze. Na nakala iende kwenye mabasi yote ulikoipeleka ile."

Twaha akacheka, akampa mkono mbele ya mashahidi. Selina akaiweka filamu.

Geti likatokea. Mwanamke mwenye mfuko mkononi. Upepo. Watu wakakohoa, wakajipangapanga kwenye mabenchi. Picha haikubadilika. Mtu wa nyuma akaita, "Twaha, tupe basi!"

Twaha akamnyooshea Leonida maiki, meno yote nje. Leonida akaanza kuunyoosha mkono kuipokea.

"Mmoja si banda," Lazaro akasema. "Tunaendelea."

Kisha Piusi akainuka. Kila mtu akamgeukia. Piusi akajipenyeza kati ya magoti ya watu mpaka kwenye njia, na Leonida akafumba macho. Alipofumbua, kijana alikuwa amesimama pale pale njiani, shingo ameinyoosha. Alikuwa amezibwa na kofia ya mtu wa mbele.

Geti likafunguka kidogo. Akatoka mtoto wa kike, ameshika kikombe kwa mikono miwili kisimwagike. Akampa yule mwanamke maji. Mwanamke akanywa yote, akafuta mdomo wa kikombe kwa pindo la gauni, akakirudisha. Mtoto akaingia. Mwanamke akageuka akatoka kwenye picha, na kamera haikumfuata. Ikabaki na geti.

Hakuna aliyesogea.

"Kumbe alipewa maji!" mama mmoja wa mbele akasema. "Filamu hii nimeiona sijui mara ngapi. Tangu lini pana mtoto hapo?"

"Tangu zamani," Mwanamwema akajibu kutoka mlangoni, alikokuwa ameketi na kapu lake la karanga. Hakumtazama mumewe. "Hapo ndipo mume wangu alipokuwa akibweka."

Leonida akakaa. Kule Wasso hakuna aliyemletea maji. Aliliwaza hilo: Mmeksiko, mtu asiyemjua, alimletea, na miaka yote hii yeye hakukiona kikombe.

Watu walipotawanyika Twaha akamfuata, maiki ameificha nyuma kama mtoto aliyevunja chungu. "Mama Selina, nimekuelewa. Nisamehe, yaishe hapa hapa, mimi na wewe."

"Kwani ulinicheka mimi na wewe?"

"Nitaharibikiwa jina."

"Jina tu," Leonida akasema, akaondoka.

Asubuhi ya Jumatatu alifika kabla banda halijafagiliwa. Mwanamwema alimtolea kiti cha sebuleni, chenye mto, na birika la chai ya tangawizi. Twaha akakaa mbele ya runinga, akawasha maiki.

"Mabibi na mabwana, mama yetu mpendwa, nguzo ya Karatu, ua la milima ya..."

"Toa hayo," Leonida akasema. "Sema tulivyokubaliana."

Akasema. Alisema kwa sauti ndogo, kavu, ambayo mabasi hayakuwahi kuisikia: kwamba mama yule hakulia, hakuomba, na kwamba maneno ya mbwa aliyatunga yeye, Twaha. Leonida aliyasikiliza neno kwa neno, na kila neno lilimkaa kifuani vizuri kama uji wa moto.

Filamu ikaenda. Twaha akatafsiri safari, milima, mji. Ikafika getini. Kazi ya Twaha haina kukata wala kuunganisha. Alivyozoea kurekodi, kosa moja lilimaanisha kuanza tangu mwanzo. Alibana midomo. Alitazama dari. Mtoto alipotoka na kikombe, koo likamshinda.

"Mmh," akasema.

"Anza upya," akasema Leonida.

"Mama Selina, ilikuwa pumzi tu!"

"Pumzi ina sauti. Anza upya."

Akaanza upya. Akasema tena kwamba hakulia, hakuomba, maneno yalikuwa yake. Safari, milima, mji, geti. Mara hii alifika mpaka mwanamke alipogeuka, kisha kiti kikalia chini yake, naye akalaani kwa sauti kubwa. Leonida hakuhitaji hata kusema. Alionyesha runinga kwa kidole.

Mwanamwema akamjazia kikombe tena. "Hujachoka, dada?"

"Sijachoka. Chai yako nzuri sana, Mungu akubariki."

Twaha akajifuta jasho. "Lakini niambie kweli," akasema, na safari hii hakuwa akitania. "Hukusema kitu kule? Hata kimoja? Mtu anawezaje?"

"Utaweza," Leonida akasema. "Anza upya."

Mchana ulikuwa umeshaingia geti lilipotokea tena. Twaha alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, mishipa ya shingo imemsimama. Leonida hakuitazama filamu. Alimtazama yeye, akaweka kikombe chake kwenye mto wa kiti taratibu, kisije kikalia mezani kikampa kisingizio.