Mtoto Aliyetaka Geti

Somo la ushonaji lilipofutwa shuleni, mwalimu wake hakufutwa. Mkurugenzi alimwita ofisini akamweleza kwamba shule zote zinazojiheshimu siku hizi zina mnasihi, na kwa kuwa yeye alikuwa na sauti ya upole na hana tena vipindi, kazi hiyo ni yake. Akapelekwa semina ya siku mbili, akarudi na cheti na kabrasha. Chumba wakampa kilekile cha vyerehani. Vyerehani vyenyewe vilisukumwa ukutani vikafunikwa shuka, hata mwanafunzi akija kueleza shida zake alikaa kama mtu aliye wodini katikati ya wagonjwa waliolala. Wanafunzi nao waliendelea kumwita Mama Sindano. Jina la utani la shuleni ni kama kovu, halifutwi na cheti.

Shule ilianzia chekechea hadi kidato cha sita, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa mnasihi wa wote: wanaolia kwa kuvunjikiwa na penseli na wanaolia kwa kuvunjika moyo. Kusema kweli hawakuja wengi. Waliopelekwa kwake walikuwa wamepigana au wamedokoa, kwa hiyo kuonekana mlangoni pake ilikuwa sawa na kuonekana kituo cha polisi.

Muhula wa pili Mkurugenzi akabuni Ukuta wa Ndoto. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, mgeni rasmi alikuwa mkubwa fulani wa elimu, na kila mwanafunzi alitakiwa aandike kwenye kadi atakuwa nani akiwa mkubwa. Mnasihi azikusanye, azibandike ukumbini. Mkurugenzi alikuwa ameshajipangia: madaktari wasipungue mia moja na ishirini, wahandisi themanini, marubani wasizidi kumi, maana wakizidi itaonekana watoto wanataka kukimbia.

Kadi zikaja. Kidato cha nne karibu chote kiliandika udaktari kwa maneno yaleyale, kama waliosomewa imla. Mambo yaliharibika kwenye kadi za chekechea. Kulikuwa na binti wa miaka mitano, mdomo haukauki maneno, ndiyo maana wote walimwita Chiriku. Kadi yake, aliyoandikiwa na mwalimu wake, ilisema: Mlinzi wa geti.

Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akaishika kwa ncha za vidole.

"Wewe si mnasihi?" alisema. "Basi mnasihi."

Mama Sindano akafungua kabrasha. Hatua ya kwanza ilisema mteja afanywe ajisikie huru. Mteja alikuwa amekwisha kujisikia huru; alikuwa chini ya shuka anazungusha gurudumu la cherehani. Alipotolewa na kuketishwa, miguu ikining'inia, alieleza bila kuulizwa mara mbili kwamba mlinzi ana funguo, ana filimbi, ana kiti chake mwenyewe, na anajua majina ya watu wote. Mnasihi akamtajia udaktari. Daktari anadunga watu, alijibu. Urubani je? Rubani anaona mawingu tu. Mama Sindano akaandika kwenye fomu kwamba mteja anaonyesha ukinzani, akajiona mjinga, lakini hakufuta.

Wazazi wakaitwa. Baba alikuja na tai yake shingoni, akasema kwao hakuna mlinzi, si upande wake wala upande wa mkewe, kama anayeulizwa kuhusu ugonjwa wa kurithi. Alitaka kujua nani anamtia mtoto wa kike maneno hayo. Mama mtu alisokota mkanda wa mkoba wake muda wote hadi ukabaki na mikunjo.

Lawama ikatafuta pa kutua, ikatua kwa mlinzi, ambaye shule nzima ilimwita Afande. Mkurugenzi alimwamuru amkatishe tamaa mtoto huyo mara moja. Afande aliumia kuliko wote. Alisema yeye mwenyewe kila siku anamwambia yule binti asome awe daktari, pengine atamtibu magoti haya. Kesho yake asubuhi akamkalisha Chiriku akamsomea ubaya wote wa kazi: jua la utosi, mvua, kusimama kutwa, matusi ya wenye magari. Mtoto alimsikiliza kwa makini, kisha akauliza kama koti la mvua linatolewa na shule.

Mkurugenzi akataka kikao cha pili, na safari hii yaonekane matokeo. Chiriku aliingia na upindo wa gauni umefumuka, unaburuta. Mama Sindano hakuweza kuutazama akaendelea na kabrasha. Aliliweka pembeni, akatoa uzi wa bluu, akapiga magoti, akaanza kushona. Alimwambia tu asitikisike. Mtoto asiyetikisika, akiwa chiriku, hana cha kufanya ila kusema.

"Ile siku nilibaki," alisema.

"Siku gani, mwanangu?"

"Siku nililala nyuma ya magodoro. Nikaamka, mlango umefungwa."

Kidogo kidogo akaelezea. Ilikuwa wiki yake ya kwanza shuleni. Baba alidhani mama atamchukua, mama alidhani baba. Darasa likafungwa yeye akiwa ndani. Alilia mpaka sauti ikakauka, ndipo Afande, akipita kukagua makufuli, akasikia kitu kama paka. Akamtoa, akampeleka getini, akamkalisha kwenye kiti chake, mwenyewe akasimama. Akamwambia haondoki mpaka kila mtoto awe amekwenda kwao.

"Na mimi nataka nisiondoke," Chiriku alisema.

Mama Sindano alimaliza upindo, akakata uzi kwa meno, akamrudisha darasani. Kisha akaenda kufungua daftari la zamu. Wiki ile aliikumbuka, ila hakukumbuka zamu ilikuwa ya nani. Ilikuwa yake. Saa tisa na nusu, watoto wote wamechukuliwa, alama ya vema, na sahihi yake nzuri yenye mkia. Siku ile alitaka kuwahi fundi wa nywele. Alikaa na lile daftari mapajani, masikio yakiwaka moto.

Alimfuata Afande getini akamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema kwa nani, mwalimu?" Afande alijibu. "Kwa kuchelewa kufunga geti siku ile, niliandikiwa barua ya onyo."

Jioni hiyo alimpigia simu mama wa mtoto, akakiri kosa lake kabla hajaeleza mengine. Yule mama akasema kwamba yeye na mumewe walikubaliana wasilitaje tena, wakidhani mtoto amesahau. Akaomba kadi isibadilishwe.

Kwa hiyo Mama Sindano akaibandika, katikati ya ukuta, usawa wa macho. Wanafunzi wakubwa walipoiona walicheka. Lakini mchana binti mmoja wa kidato cha nne, anayeongoza biolojia, akabisha hodi chumba cha vyerehani bila kutumwa na mtu. Kama wa chekechea wameruhusiwa, alisema, naye anaomba kadi yake aiandike upya. Akiona damu anazimia. Anachopenda ni kufungua majokofu mabovu na kuyatengeneza, na nyumbani hajathubutu kusema. Walizungumza hadi kengele. Siku iliyofuata wakaja saba. Kiranja mkuu wa kidato cha sita alitaka kuandika "Sijui bado", akauliza kama ni halali. Mwalimu alipekua kabrasha lote hakuona katazo. Wengine walikuja kwa kisingizio cha kadi, wakabaki kusema ya nyumbani, na foleni ikafika kwenye bomba la maji. Fomu zikamwishia, hakuomba nyingine.

Asubuhi ya siku ya wazazi Mkurugenzi akahesabu madaktari akapata kumi na tisa. Alimwita mnasihi kwa sauti ya chini, ile inayotisha, lakini gari la mgeni lilikuwa limeshapiga honi. Mgeni akapita ukutani akisoma moja moja. Kwenye "Sijui bado" alicheka hadi akavua miwani, akasema amezungushwa shule nyingi na huu ndio ukuta wa kwanza aliousoma mpaka mwisho. Mkurugenzi akachukua kipaza sauti akaeleza kwamba hayo ni matunda ya mpango wake wa muda mrefu. Chiriku, alipoulizwa na mgeni, akasema amebadilisha, sasa atakuwa twiga. Baba yake akaonekana akishusha pumzi.

Mama Sindano alipewa cheti cha pili, na kwa kuwa ameonyesha uwezo, akaongezewa vipindi sita vya hesabu. Chumba chake bado kina foleni kila akitoka darasani, mikono imejaa chaki. Saa tisa anakwenda getini, zamu iwe yake isiwe yake, akiwataja watoto majina wanapotoka, na Afande anamlalamikia kila siku kwamba anazuia magari.