Orodha ya Siku za Msiba

Ofisini walimwita Mama Takwimu, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kupakua vipimo vya maboya ya bahari. Usifikirie maboya ya bandarini, yale ya rangi rangi. Haya ni mitungi yenye urefu wa mtu. Huzama kilomita mbili, yakakaa huko kizani, na kila siku ya kumi huibuka yakipima joto na chumvi njia nzima, halafu hutuma habari kwa setilaiti. Mama Takwimu aliandika skripti, programu fupi, ya kuzichukua. Kwanza inaiuliza seva ya ng'ambo orodha ya mafaili, inailinganisha na folda ya akiba iliyo kwenye kompyuta yake, kisha inaleta yale yanayokosekana tu. Mtandao wao ulikuwa wa kujikokota, bila akiba wasingefanya kazi.

Mumewe alikuwa fundi wa maboya hayohayo. La mwisho alilounda lilikuwa la vipuri na betri za masalio, haliwezi kuishi zaidi ya mwaka na ushei. Kabla ya kulishusha baharini alichukua kalamu ya wino usiofutika, akamwandikia mkewe maneno ubavuni mwake.

"Umeniandikia nini?" mkewe alimuuliza aliporudi.

"Utasoma siku likiokotwa, bibie. Haraka ya nini?"

Miaka kumi na minane ya ndoa, mtu huyo hakuwahi kumwandikia mkewe hata kikaratasi cha kununua sabuni. Wiki tatu baadaye alianguka bafuni, hakuinuka tena.

Nahodha wa meli ya utafiti, rafiki wa marehemu, aliapa kwamba maneno hayo hakuyaona. "Alilikumbatia boya akanifukuza, eti mambo ya chumbani," alisema siku ya mazishi, akicheka na kulia papo hapo. "Ila shemeji, likisogea njia yangu, wewe niambie tu lilipo. Nitaligeuzia meli hata wakinifukuza kazi."

Siku ya tatu ya msiba, nyumba imejaa watu na viti vya kuazima, Mama Takwimu alijifungia chumbani na kompyuta. Alitaka kuliona boya, basi. Mtandao wa simu ukamchezea. Orodha ilikatika njiani mara nne, na ya tano ndiyo ikafika nzima. Kwa kuogopa kuipoteza tena, akaihifadhi kwenye akiba, akaongeza mstari mmoja kwenye skripti ya boya lile: orodha ikiwemo kwenye akiba, usiende kuuliza. Ikamwonyesha vituo viwili, yaani mara mbili boya lilizoibuka, mbali sana na pwani. Alilala ameikumbatia kompyuta.

Aliporudi kazini alirudi na skripti hiyohiyo, na mstari uleule ndani yake. Kila Jumatatu aliiendesha, na kila Jumatatu ikamjibu: vituo viwili, hakuna kipya. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akiwafokea wenzake, "Futeni akiba kwanza ndipo mje kwangu!" mpaka wakamwigiza sauti wakati wa chai. Ya kwake hakuifuta. Mstari ule alikuwa ameusahau kabisa, kama alivyosahau nani alikuja msibani na nani hakuja.

Baada ya miezi miwili alimpigia nahodha. "Limekufa, shemeji. Limemfuata mwenyewe." Na kusema kweli, wazo hilo lilimtuliza kidogo.

Mwaka ukapita, na miezi mingine juu yake. Mwenzake wa meza ya pili, waliyemwita Miwani, alirudi kutoka masomoni akapewa kompyuta mpya, haina kitu, hata akiba. Akanakili skripti zote, akaziendesha moja moja. Saa tano asubuhi aligeuza kiti.

"Dada, hili boya la marehemu kwako lina vituo vingapi?"

"Viwili. Lilikufa."

"Mbona kwangu ni arobaini na vitatu?"

Mama Takwimu aliinuka, akasoma kwenye kioo cha kompyuta ya mwenzake, akarudi kwake akafungua skripti. Mstari aliuona mara moja. Aliutambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake mwenyewe. Hakuwa na wa kumlaumu, na hilo ndilo lililomkata maini.

Kituo cha mwisho kilikuwa cha wiki saba zilizopita. Kwa betri zile, hakuna la kungoja tena. Lakini cha thelathini na nane kilikuwa karibu kabisa na pwani, kwenye njia ya meli. Akampigia nahodha, akamtajia tarehe na mahali. Alisikia kurasa za daftari la safari zikifunuliwa.

"Tulikuwepo, shemeji," nahodha alisema. "Tulizima injini kwa saa sita nzima. Maili mbili tu kutoka hapo."

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Hakuna. Mpishi aliteguka mguu, tukawa tunasubiri boti ije imchukue. Tulikuwa tunacheza karata. Ungeniambia tu."

"Nilikwambia limekufa," alisema Mama Takwimu. Alilia mbele ya ofisi nzima, akilia kwa sauti kubwa kuliko alivyolia makaburini. Mwaka mzima mumewe alikuwa akiibuka kila siku ya kumi na maneno yake ubavuni, naye mkewe hakutuma hata mtu mmoja kuangalia. Miwani alimshika mabega.

Jioni aliufuta ule mstari. Jumatatu akaketi, akaiendesha skripti. Safari hii ilichelewa, maana ilikwenda mpaka ng'ambo kuuliza. Ikarudi ikamjibu kama siku zote: hakuna kipya. Na safari hii ilikuwa inasema kweli.