Mstari wa Kebaso

Kwaru, kwaru, kwaru. Hakujapambazuka, hata moshi wa kwanza haujatoka, lakini kambi nzima ilikuwa imeshasikia chuma kikinolewa juu ya jiwe.

"Osoro!" mtu akafoka nyuma ya ukuta wa mabati. "Leo unamchinja nani?"

"Chai," Osoro akajibu bila kuacha kunoa. "Wewe lala. Atakayekulipa kwa kukoroma yuko njiani."

Wengine walicheka, wengine walitukana. Osoro hakujali. Alikuwa kijana wa Nyaribari, alivuka mpaka wa Kisii kwa miguu akiwa na blanketi moja, na katika shamba lile la upande wa Kimulot hapakuwa na aliyemshinda kwa kisu cha kupogoa. Wenzake walihangaika na mti wa chai kama mtu anayemnyoa mtoto mkaidi. Yeye alipita mara moja tu, matawi yakalala, mti ukabaki sawa kama meza.

Alikuwa na sababu ya kujituma. Hali ya Hatari ilipotangazwa, Kiarie, nyapara wao, alipakiwa kwenye lori pamoja na mkewe Wacera na Wakikuyu wote wa shamba. Nyumba yake ya mawe ikabaki tupu, kuku wake wakaliwa na waliowahi. Nyapara mpya ndiye angepewa nyumba ile. Vibarua wengine walibanana katika vyumba vya makapera, ambamo mke hakuruhusiwa kulala. Kule Nyaribari, Nyanchoka alikuwa akilea mtoto asiyeijua sura ya baba yake, na baba mkwe alikuwa ameshatuma neno: mwenye mke aje amchukue, ama ng'ombe wake warudishwe, binti aolewe na mtu mwenye paa.

Lakini Osoro hakupogoa mstari wake tu. Mtu aliyemwombea kazi pale alikuwa mzee Kebaso, wa kijiji chao, ambaye miti ile aliipanda kwa mikono yake ingali miche. Sasa mikono hiyo ilitetemeka. Na kwao, kijana aliyemaliza kulima haketi huku mzee wake bado ameinama. Kwa hiyo kila siku Osoro alimaliza mstari wake, akaingia wa Kebaso. Mzee alimfuata nyuma akiokota matawi, kana kwamba ameyakata yeye. Ayoo, nyapara mkuu, aliyaona yote hayo. Kila mara aligeukia msitu wa Mau akakagua mawingu.

Asubuhi hiyo bwana mwenye shamba alitokea ghafla na mbwa wake. Alikuta mistari miwili imekwisha, na majirani hawajafika hata nusu.

"Nani amekata hapa?"

Kebaso akavua kofia. "Ule wake, bwana. Huu wangu."

Bwana akaitazama mikono ya mzee, kisha akamgeukia Osoro. "Ni kweli?"

Neno moja lingetosha, nalo lilikuwa tayari ulimini. Lakini Osoro aliiona nyumba ya Kiarie, akamwona Nyanchoka mlangoni, na kifua kikamjaa. Jasho lake liitwe la mtu mwingine, tena mbele ya yule mmoja anayegawa nyumba?

"Ni mimi," akasema. "Yote miwili. Nipe wa tatu, utaona."

Ayoo akafumba macho.

Bwana akacheka, akampiga begani. "Huyu sasa ni mwanamume! Kesho wewe nyapara."

Jioni Osoro aliifagia ile nyumba ya mawe mpaka sakafu ikang'aa. Akamtuma muuza ndizi aliyekuwa akirudi Kisii: Nyanchoka afunge mizigo, aje.

Kulipokucha bwana alisimama mbele ya vibarua wote. Ikiwa mtu mmoja anaweza mistari miwili kabla ya jua kukaza, akasema, basi kuanzia leo kipimo cha kila mtu ni mistari miwili. Asiyemaliza hataandikiwa siku. Asiyeweza aache chumba.

Kisha Orina, aliyelala chumba kimoja na Osoro tangu walipoajiriwa, akatema mate chini. "Asante, bwana nyapara. Umetutumikia vizuri."

"Mimi nilikuwa naangalia mawingu kwa sababu gani, Mkisii wewe?" Ayoo akamnong'oneza. "Ulidhani napenda mvua?"

Kebaso hakuchukua kisu. Blanketi lake lilikuwa limeshafungwa kwa kamba. Osoro akamkimbilia.

"Tata, ngoja. Nitakukatia, kama siku zote."

"Nyapara hashiki kisu, mwanangu. Anashika fimbo."

"Sikujua, Tata. Walahi sikujua."

"Hukujua. Mimi sina hasira ya kufukuzwa, nimezeeka, ningefukuzwa tu. Kinachoniuma ni kwamba ulijisifu kwa mtu ambaye mpaka sasa hajakuuliza jina."

Mzee akashika njia ya kuteremka, polepole.

"Wewe!" bwana akaita, akimwelekezea Osoro kidole. "Hawa watamaliza?"

Wanaume wote walimtazama. Orina alimtazama. Kebaso peke yake hakugeuka, ingawa alikuwa bado karibu, angesikia.

"Watamaliza, bwana," Osoro akasema, kwa sauti iliyofika mpaka njiani. "Kila mtu, kila siku. Nakuahidi."