Siku Baba Mdogo Alipovuta Lori

Kila asubuhi, jua likishapanda juu ya migomba ya jirani, baba mdogo Anaeli alikuwa akiingia chumbani kwa bibi na kumnyanyua kitandani. Alipitisha mkono mmoja chini ya magoti yake na mwingine mgongoni, akamtoa hadi uani na kumketisha kwenye kiti chenye mito. Miguu ya bibi Ndelilio ilikuwa imekataa tangu alipopata kiharusi. Mimi nilifuata nyuma na bakuli la mtori wa ndizi. Akishamketisha, baba mdogo alichukua panga lake na kushuka shambani.

"Polepole," bibi alikuwa akimwambia. "Mimi si lori."

"Lori huwa halilalamiki, mama."

Asubuhi moja walifika mlangoni, nikasikia kitu begani mwake, sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Hakupiga kelele. Aliegemea mlango, akashuka taratibu, mgongo ukisuguana na ubao, mpaka akakaa sakafuni na bibi mapajani mwake. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Umeniangusha?" bibi aliuliza.

"Hapana, mama. Nimekaa tu."

"Basi kaa vizuri. Magoti yako yananichoma."

Niliweka bakuli chini na kukimbia kumwita Denis, jirani yetu. Yeye na mkewe walimrudisha bibi kitandani, kisha Denis akampeleka baba mdogo hospitali mjini Moshi. Walirudi jioni, mkono wake wa kulia umefungwa kwa kitambaa shingoni. Msuli ulikuwa umekatika mahali palepale ulipokatika zamani mashindanoni. Daktari alimwambia asibebe tena kitu kizito maisha yake yote.

"Nikamuuliza, hata ndoo ya maji?" alinisimulia. "Akasema, ndoo nusu. Kindness mwanangu, mimi huyu! Ndoo nusu."

Alijaribu kucheka. Niliendelea kumenya ndizi zangu.

Huyu ndiye mtu ambaye Kirua nzima, huku kwetu mlimani, ilimwita Tingatinga. Alianzia kanisani, sikukuu ya mavuno, pale mazao yanaponadiwa nje baada ya ibada. Watu wakishanunua, yeye alibeba mikungu ya ndizi hadi majumbani kwao, mmoja kila bega, akipanda mlima huku anaimba. Mtu mmoja wa mjini alimwona, akamchukua akafanye mazoezi ya vyuma. Baada ya hapo ikawa Arusha, Dar es Salaam, mwishowe Nairobi. Alikimbia na gogo mabegani. Alikumbatia mawe ya saruji na kuyapandisha juu ya mapipa. Alivaa mikanda kifuani na kuvuta lori zima, hatua kwa hatua, uso karibu uguse lami. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Nilikata picha yake gazetini nikaibandika kwenye jalada la daftari, na nilipoulizwa kama kweli ni baba yangu mdogo, niliona haya, nikaitikia kwa kichwa tu.

Kisha walikuja vijana wenye nguvu kumzidi, magoti yakaanza kuuma, wafadhili wakaacha kupokea simu zake. Akarudi nyumbani na begi moja.

Kwetu, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi. Nyumba na kihamba, shamba la migomba linaloizunguka, huwa vyake, na wazee huwa wake kuwatunza. Baba mdogo ndiye wa mwisho. Lakini babu alipofariki, yeye alikuwa Nairobi mashindanoni. Siku ya mazishi msoma ratiba aliita mtoto wa mwisho aje aweke shada, akaita tena, na watu wakaangalia chini. Alifika keshokutwa yake. Alisema simu yake ilikuwa kwa kocha na hakuna aliyempa habari mpaka fainali ilipokwisha. Kabla hata hajasalimia watu, alikata jani la sale uani na kumpa bibi kwa mikono miwili.

Anayeletewa sale ameombwa msamaha, na hawezi kukataa. Akishalipokea, jambo limekwisha, na ni aibu kulitaja tena. Bibi alilipokea. Siku ile, nikiwa mtoto, niliona ni jambo zuri. Nilipokuwa mkubwa nilianza kuona kwamba lilikuja mapema mno. Lilimkuta bibi hajauliza hata neno moja, likamfunga mdomo. Tangu hapo waliongea habari za mbolea, ng'ombe na mvua. Za babu, hapana.

Wiki ile ya bega, shangazi Magdalena alipanda kutoka Soweto, mtaa wa mjini Moshi anakoishi. Alikaa jikoni na kusema wazi kwamba anamchukua bibi.

"Kwangu hakuna ngazi. Choo kiko ndani. Na Kindness ameshapata kazi, anaondoka mwisho wa mwezi. Nani atamtoa kitandani?"

"Mimi," alisema baba mdogo.

"Kwa mkono gani? Wewe Tingatinga umebaki tinga moja."

Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. Sote tulijua kwamba bibi akishuka mjini katika hali ile, atarudi Kirua kuzikwa. Bibi mwenyewe alipoulizwa alisema, "Mnipeleke mnakotaka," akageukia ukutani.

Jumamosi gari lilisimama juu barabarani, kwa kuwa njia ya kwetu haipitiki kwa gari. Denis na wenzake walikuja na kiti cha kumbebea. Baba mdogo alisimama mlangoni kwa bibi.

"Rudisheni kiti. Mama nambeba mimi."

"Anaeli, acha utoto," alisema shangazi.

Hakumsikiliza. Aliingia, akafungua kitambaa cha shingoni, akainama. Nilimwona akikunja uso kabla hata hajamgusa. Bibi akaweka kiganja kifuani pa mwanawe.

"Acha."

"Naweza, mama."

"Nimesema acha."

Alipiga magoti kando ya kitanda. Denis akaanza kurudi nyuma kutoka mlangoni.

"Simu haikuwa kwa kocha," baba mdogo alisema.

Shangazi alisogea mlangoni.

"Ilikuwa mfukoni mwangu. Ujumbe wa dada niliusoma Alhamisi. Nilijua kuwa baba anazikwa Jumamosi, na fainali ni Jumamosi. Nikazima simu. Nilijiambia kwamba nikishinda nitakuja kuliweka kombe kaburini, naye ataelewa. Nikavuta lile lori, mama. Nikawa wa nne."

Shangazi alijifunika mdomo kwa mtandio. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sale lilishapokelewa. Hayo hayazungumzwi tena."

"Nyamaza, Magdalena," alisema bibi. "Aliyelipokea ni mimi."

Alimtazama mwanawe. Hakuuondoa mkono wake kifuani pake.

"Kwa dada yako nitakwenda, sibishi. Mwili wangu unataka choo cha ndani. Lakini ulinipa lile jani sijakuuliza kitu, na swali langu nikalala nalo miaka yote hii. Umerudi, kila asubuhi unaninyanyua, unaniweka uani, unaondoka kama mtu aliyemaliza zamu. Mimi sikuwahi kutaka nguvu zako, Anaeli, hata ulipokuwa kijana. Siku ya mazishi uani palijaa watu, na nililia peke yangu. Nilikuwa nataka uje, ukae karibu yangu, tumlilie baba yako pamoja."