Miguu ya Alhamisi Kuu

Saa nane mchana Salud alikuwa bado anasugua beseni la kanisa kwa majivu, maana maji hayakuwepo. Pampu ya shamba la miwa ilikuwa na kufuli wiki ya tatu sasa. Nyumba thelathini zilichota mtoni, chini ya kiwanda cha sukari, maji ya rangi ya chai. Watoto wanne walikuwa wanaharisha, mmoja wao mjukuu wa mzee Teyong, mkata miwa wa siku nyingi kuliko wote.

Kwa maneno ya Berting, msimamizi wa shamba, kosa lote lilikuwa la Salud. Katekista kazi yake ni kufundisha sala. Huyu kila Jumanne aliwasomea wakata miwa Injili, kisha akawauliza ingesema nini kama ingeandikwa hapahapa. Mwezi uliopita jibu liliandikwa kwenye karatasi: watu arobaini walitia dole gumba kudai mshahara wa kisheria. Kesho yake kufuli likafungwa.

Leo Senyor Quintin, mwenye shamba, angekuja kuosha miguu ya wakata miwa kumi na wawili, kama walivyofanya baba yake na babu yake. Desturi hiyo ilikuwa na sehemu isiyoandikwa kwenye kitabu cha ibada. Kabla Senyor hajafika, wale kumi na wawili walijisugua kwa sabuni na jiwe hadi nyayo zikatakata. Miaka yote Senyor alikuwa akiosha miguu safi.

Berting alileta ndoo mbili. Moja ya kuwaosha kwanza, akaeleza, nyingine ya ibada yenyewe.

"Wasugue vizuri, Dada Salud. Mwaka jana Senyor alisema kuna mmoja ananuka."

"Na ya kunywa?"

"Futeni hayo madole, nafungua sasa hivi. Mimi maji yananikera nini?"

Alipoondoka, Salud alizitazama ndoo kwa muda. Aliogopa. Kisha akawaita kina mama waje na sufuria. Ndoo zote mbili ziligawiwa kikombe kwa kikombe, wakianza wenye wagonjwa.

Saa kumi Senyor aliingia na shati jeupe, taulo begani. Benchini walikaa watu kumi na wawili waliotoka moja kwa moja shambani, matope hadi magotini, vifundo vimechanwachanwa na majani ya miwa. Salud alisoma Injili ya siku hiyo, pale Petro anapokataa kuoshwa. Senyor akapiga magoti, akainamisha jagi. Hakikutoka kitu.

"Maji yako wapi?" aliuliza taratibu.

"Yamenywewa, Senyor. Mengine yako kwenye pampu. Ufunguo anao Berting."

Senyor hakuwa mtu wa kufoka. Alimwashiria dereva, akaletewa katoni ya maji ya chupa kutoka garini, bado ya baridi. Akafungua chupa ya kwanza, akaimimina kwenye miguu ya mtu wa kwanza. Chupa moja kwa kila mtu. Watoto dirishani waliyafuata maji kwa macho mpaka yalipotulia kwenye beseni, yamegeuka tope. Ilikuwa ibada ya kupendeza, kwa mtu asiye na kiu.

Aliosha watano. Wa sita alikuwa Teyong, naye akavuta miguu yote miwili chini ya benchi.

"Hutaniosha mimi, Senyor."

Senyor akatabasamu. Alidhani mzee anaigiza somo, akamjibu kwa maneno ya somo hilohilo.

"Nisipokuosha, huna shirika nami."

"Basi sina," alisema Teyong. "Nipe hiyo chupa. Mjukuu wangu anaharisha."

Watu walikuwa wanatazama, kwa hiyo Senyor akampa. Wale sita waliobaki nao wakavuta miguu, mmoja baada ya mwingine, wakanyoosha mikono.

Siku ya kwanza ya kazi baada ya Pasaka, Berting alisimama kando ya pampu, kufuli likiwa palepale, akasoma majina ya wenye kazi. La Teyong halikuwemo, wala ya wale sita. La kwanza kusomwa lilikuwa la mmoja wa wale watano waliooshwa. Mwenye jina hilo alikuwa amesimama mbele yake, panga mkononi. Berting akaliita mara ya pili, kisha ya tatu. Yule mtu hakuitika.