Logi Iliyofutwa Isiondoke

Alama za mtihani wa mdomo wa chuo kizima zilikuwa zimeingizwa kwenye kompyuta moja kwa moja, bila karatasi, na sasa hazikuwa na pa kulala. Diski ya seva ilikuwa imejaa. Programu ya alama, ilipokosa pa kuandika, ilizishikilia kwenye kumbukumbu ambayo mtambo ukizimwa hubaki tupu.

Msimamizi wa seva alikuta walimu wamefurika chumbani. Mbele ya skrini alikaa mdogo wa mumewe, fundi mwenzake waliyempachika jina la Chapuchapu, shati limemganda mgongoni. Alieleza kwamba logi, faili ambamo programu huandika kila inachofanya, ilikuwa imevimba mno, naye akaifuta. Logi haikuonekana tena, lakini diski ilikuwa imejaa vilevile.

"Uliifuta huku programu imeifungua?"

"Niliifuta, shemeji. Kwani kuna kufuta kwa adabu?"

"Kupo. Kulikupita tu."

Walimu walicheka, isipokuwa mkuu wa chuo, aliyeagiza mtambo uzimwe na kuwashwa upya, kama afanyavyo na televisheni yake. Msimamizi alimjibu kwa upole kwamba nafasi ingepatikana kweli, ila alama zote zingepotea. Faili lililofunguliwa, alifafanua, likifutwa hupoteza jina tu. Mwili wake hukaa diskini mpaka programu iuachilie.

Mwalimu wa lugha, aliyewahoji wanafunzi hadi sauti ikamkauka, aliketi sakafuni akashika kichwa.

Msimamizi alivuta kiti, akaitaka seva imwonyeshe mafaili yote yaliyoshikwa na programu ile. Mistari ilishuka kwa kasi. Chapuchapu ndiye aliyeuona kwanza mstari ulioandikwa "imefutwa", akaugusa kwa kidole. Logi ilikuwapo, nzimanzima.

"Hatuifuti tena," msimamizi alisema. "Tunaimwaga. Programu ibaki na chombo chake, yaliyomo yaondoke."

Mstari uliofuata ulikuwa wa faili la alama. Kukosea namba ya faili kungekuwa kumwaga kazi ya wote. Kwa hiyo Chapuchapu alisoma, msimamizi akaandika. Kisha akasoma yeye, Chapuchapu akahakiki. Msimamizi akabonyeza.

Ujazo wa diski ulishuka ghafla kama puto lililotobolewa. Taa ya seva ikaanza kupepesa mfululizo, na alama zikaingia moja baada ya nyingine, chumba kizima kikizifuata kwa macho. Ilipotokea ya mwanafunzi wake wa mwisho, mwalimu wa lugha aliruka kutoka sakafuni, akamkumbatia mkuu wa chuo kabla ya kukumbuka ni nani.

Katikati ya vicheko vilivyozuka, msimamizi alimrudishia shemeji yake kiti, apange logi iwe ikijipunguza yenyewe. Chapuchapu aliandika neno moja, akasimama, akalisoma upya kwa sauti.

"Taratibu hivyohivyo," shemeji yake alimwambia, akiwa bado anacheka. "Jina tutakutafutia lingine."